Mkono Uliojaa

3 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, najua ungeniamkia. Wifi ameniambia kwa simu kwamba plasta imetolewa, na kwamba ulipouona mkono wako ulinyamaza. Wewe kunyamaza ni habari ya kutangazwa redioni, kwa hiyo nimeelewa hali ilivyo.

Nataka kukushonea shati. Usianze kubisha. Mkono uliovunjika lazima umesinyaa, na mashati yako yote ya zamani yatakupwaya upande mmoja, watu waanze kukupa pole mpaka uchoke. Nitakata mikono miwili tofauti, wa kulia mwembamba na wa kushoto mpana kidogo, na atakayejua siri hiyo ni mimi na mkasi wangu. Nitumie vipimo vya mikono yote miwili, juu ya kiwiko, pale panaponenepa. Andika kwenye karatasi. Unajua sheria yangu: vipimo havisemwi kwa simu, vimeshaniharibia vitambaa vya kutosha.

Na usijipime mwenyewe. Mtu akijipima hujipendelea. Mpe mkeo tepu.

Dada yako,
Fundi

12 Februari

Dada, shikamoo.

Wifi yako amenipima asubuhi hii kabla sijanywa chai. Kulia inchi kumi na moja na nusu. Kushoto kumi na tatu na nusu. Umeridhika? Sasa iweke karatasi hii mbali, maana sitaki shati la kilema. Subiri kidogo, nitakutumia vipimo vingine, na utakata mikono sawasawa kama ya watu wote. Tena ibane, usiniachie nafasi ya kupitisha upepo. Kikosini kwetu shati la kupwaya ni la wazee wa stoo.

Mwezi wa Mei daktari wa kikosi atanipima. Kwa kawaida anayerudi kazini baada ya kuvunjika hupanda mnara wa mazoezi na kushuka akiwa amebeba mwanasesere wa mchanga mwenye uzito wa mtu mzima. Mwaka huu mnara umepata ufa, umefungwa. Kwa hiyo ni daktari peke yake na tepu yake. Mikono ikipishana kwa zaidi ya inchi moja, hupandi gari la zimamoto, unawekwa chumba cha simu. Kiti changu garini kuna watu wanakimezea mate.

Halafu kuna Pacha. Unamkumbuka, alikuja na mimi siku ya arusi ya binti yako akala kama hana kwao. Kwetu kila mtu ana pacha wake wa kazi. Ukiingia kwenye moshi unaingia naye, akizidiwa unamtoa, ukizidiwa anakutoa. Tangu nilipoanguka na ile ngazi amekataa kupangiwa mtu mwingine. Anaazima watu wa zamu nyingine na kumwambia Mkubwa wa kituo kwamba ananisubiri mimi. Nitampaje habari kwamba nimekuwa karani wa simu?

Nimeanza jimu. Kuna Kocha pale ambaye shingo yake ni nene kuliko paja langu. Yeye anasema siri ni moja tu: pampu. Unachukua uzito mwepesi, unanyanyua bila kupumzika mpaka damu inajaa kwenye mkono, ngozi inakaza, mishipa inatoka nje. Anasema misuli isiyojaa haikui. Dada, raha yake siwezi kukuelezea. Mkono ambao asubuhi nauonea aibu, jioni nauona kwenye kioo na kusema, karibu nyumbani, bwana.

Mdogo wako

26 Machi

Dada,

Kaa kwanza. Kulia inchi kumi na tatu. Kushoto kumi na nne. Andika hivyo hivyo, kata kitambaa.

Safari hii amenipima Kocha mwenyewe. Ana tepu yake imening'inia kando ya kioo, na kila tukimaliza mazoezi tunapanga mstari, anapima mmoja mmoja, anataja kwa sauti watu wote wasikie. Nilipotajwa mimi walipiga makofi. Hata mzee mmoja anayekuja kwa sababu ya kisukari alipiga makofi.

Pacha nimemwambia. Alinikumbatia katikati ya karakana na mafuta yake yote.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Shati hilo, limo kwenye kifurushi. Limebana kama ulivyotaka. Nimefurahi, na sisemi hivyo kwa adabu, nimefurahi kweli. Tangu uanguke nilikuwa nikilala na kuamka na mkono wako.

Ila nina swali la kifundi. Mkono wa kulia ulikuwa umesinyaa, sawa, umerudi, tumshukuru Mungu. Wa kushoto nao umeongezeka nusu inchi kwa sababu gani? Huo haukuvunjika. Ulikuwa mzima siku zote, unabeba ndoo na kupiga mswaki. Miaka yote ninayokushonea haujawahi kuongezeka hata robo. Labda huko jimu mnakula nyama sana. Niambie tu, nisije nikaambiwa nimezeeka nimesahau kusoma tepu.

Dada yako

17 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Mimi mzima, watoto wazima, na kaka yao wa tatu, yaani mume wangu, mzima wa maneno. Nakuandikia bila yeye kujua. Nisamehe, nimekosa wa kumwambia.

Shati lako ni zuri sana. Nikueleze linavyovaliwa. Akitoka jimu jioni analivaa hapo hapo, hata hajaoga, anakaa mlangoni. Linamkaa vizuri kweli, majirani wanamsifu. Baada ya muda mfupi mkono wa kulia unaanza kupwaya. Anaukunja. Unapwaya tena. Anainuka, anaingia ndani, analivua na kulitundika. Kesho jioni tena. Wifi, asubuhi hajalivaa hata siku moja.

Mtungi wa gesi anaunyanyua kwa mkono wa kushoto. Mtoto akimrukia anamdaka kwa kushoto. Juzi alisahau akatumia wa kulia kutoa sufuria ya maharage jikoni, tukala mkate mtupu. Alisema sufuria ilikuwa na mafuta mshikioni. Haikuwa na mafuta, niliiosha mimi.

Nikimsemesha anasema Kocha anajua kazi yake. Mimi sijui mambo ya misuli. Najua tu kwamba huyu mtu anataka kurudi kwenye moto, na Pacha ana mke ambaye tunasukana naye nywele.

Muulize wewe. Dada haogopwi bure.

Wifi yako

24 Aprili

Mdogo wangu,

Nina mteja, mama mmoja daktari wa viungo. Kazi yake ni kuwafundisha waliovunjika kutumia tena miguu na mikono. Alikuja kupunguzisha suruali, nikamshika hapo hapo kwenye kiti na sindano mdomoni. Nimemweleza habari zako zote, mpaka ile ya sufuria ya maharage, na nimemwekea chai ya pili ili asiondoke.

Amesema hivi. Misuli ikifanya kazi mfululizo, damu inaingia kwa wingi kuliko inavyotoka, na maji nayo yanajikusanya ndani ya misuli. Ndiyo maana inajaa, na ndiyo maana mtu anasikia raha. Ukipumzika, vyote vinarudi vilikotoka. Uliyempima akiwa amejaa umepima na maji yake. Nikakumbuka swali langu la mkono wa kushoto, nikataka kujipiga kofi. Mimi kitambaa kilicholowa sikipimi, nasubiri kikauke. Wewe umenitumia vipimo vya kitambaa kilicholowa, na mimi, fundi mzima, nikavikata.

Nikamuuliza, basi kujaa ni kazi bure? Akasema hapana, usimtukane Kocha wa watu. Anayefanya kazi vizuri mara nyingi hujaa pia, ndiyo maana watu hudhani kujaa ndiko kunakokuza. Wataalamu wenyewe bado wanabishana. Wapo wanaosema huenda kunachangia kidogo, lakini hakuna aliyethibitisha. Kinachojulikana ni mzigo. Misuli ivute uzito unaokaribia kuishinda, uongezwe polepole, mtu ale, alale, arudie. Ukinyanyua vitu vya kitoto na kuacha ukishaona mishipa, unaweza kujaa kila jioni mwaka mzima na nguvu usizione. Na mkono uliotoka kwenye plasta, amesema, unahitaji mtu wa kuusimamia. Hauhitaji kioo.

Kesho ukiamka, kabla ya chai na kabla ya jimu, mpe mkeo tepu. Niandikie atakachosoma.

Kuvimba si kunenepa, mdogo wangu.

Dada yako

4 Mei

Dada,

Kwa hiyo sasa najadiliwa dukani, katikati ya suruali za watu.

Asubuhi: kulia kumi na mbili, kushoto kumi na tatu na nusu. Umefurahi? Nusu inchi ni yangu, hakuna wa kuniibia. Na huyo daktari wako kasema mwenyewe huenda kujaa kunachangia. Huenda. Wataalamu hawajamaliza kubishana, lakini wewe na wifi yako mmeshatoa hukumu. Ndiyo, najua kwamba ni yeye. Maharage hayana miguu, hayakuja huko yenyewe.

Sina mwaka wa kusubiri. Daktari wa kikosi anakuja wiki ijayo.

Mdogo wako

15 Mei

Dada, shikamoo, na usininunie.

Nimepita.

Nikueleze ucheke. Tulipangwa kuonana na daktari baada ya gwaride la asubuhi. Nikaingia chooni mapema na mpira wa kuvuta alioniazima Kocha, nikafunga mlango, nikavuta kwa mkono wa kulia peke yake mpaka ukajaa kama mkate ulioumuka. Nikatoka, nikaketi kwenye benchi. Daktari hakuna. Gari lake limeharibika njiani. Nimekaa pale nautazama mkono unapungua mbele ya macho yangu, na siwezi kufanya kitu. Aliposikika getini nikakimbia chooni tena. Mwenzangu mmoja aliniuliza nimekula nini.

Tepu yake ilisoma kumi na tatu kulia, kumi na tatu na nusu kushoto. Akanipiga bega, akasema mifupa ya ukoo wetu ni mizuri, akatia sahihi. Narudi garini mwanzoni mwa mwezi ujao. Pacha amepaka rangi kofia yangu upya kwa mikono yake.

Usiniambie neno, dada. Nguvu zitakuja nikiwa kazini. Kazi yenyewe ni mazoezi.

Mdogo wako

21 Mei

Mdogo wangu,

Sikucheka.

Nimefunga duka mchana ili nikuandikie, na wateja wamesimama nje wananitazama kupitia dirishani. Watasubiri.

Mimi nikikosea kipimo, mteja anarudi na shati mkononi na matusi mdomoni. Nalifumua, nalishona tena, namwomba radhi, yanaisha. Wewe ukikosea, hakuna wa kurudi kulalamika. Fikiria hilo unapoivaa hiyo kofia aliyokupakia rangi mwenzako.

Umemdanganya daktari, hilo ni lako na yeye. Umenidanganya mimi, nimeshona shati lisilovalika, hasara ya kitambaa, basi. Lakini Pacha hana tepu. Yeye hakukupima, amekuamini. Siku akianguka ndani ya moshi atanyoosha mkono akijua upo, na wewe utamshika kwa maji.

Naweza kumwandikia Mkubwa wenu. Anwani ninayo. Sitamwandikia, kwa sababu nikifanya hivyo utakuwa umezuiwa, hutakuwa umeacha. Na usimgombeze mkeo. Angekuwa hakupendi angenyamaza.

Ninaogopa, mdogo wangu. Sijawahi kukuandikia hivyo hata siku ulipoanguka. Leo naogopa.

Dada yako

2 Juni

Dada, shikamoo.

Barua yako niliichana. Halafu nikaiokota vipande, wifi yako akaniona, akanipa gundi.

Juzi nilimwita Pacha nyuma ya karakana, penye nyasi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri. Yaliyotoka ni haya: "Mkono wangu haujapona."

Akacheka. "Daktari kasema umepona."

"Daktari aliupima ukiwa umejaa. Niliujaza chooni."

Alinitazama, akadhani natania. Alipoona sitanii akajilaza kwenye nyasi, chali, mikono huku na huku. "Haya. Mimi nimezimia," akasema. "Nitoe."

Tunalifanya zoezi hilo tangu tukiwa kuruti. Unaingia nyuma ya kichwa chake, unapitisha mikono chini ya makwapa, unamshika, unarudi kinyumenyume. Nikamshika. Nikavuta. Mkono wa kushoto ulishika. Wa kulia ulitetemeka, kisha vidole vikafunguka vyenyewe, dada, sikuvifungua mimi. Akaniponyoka, kisogo kikagonga chini.

Hakuinuka. Alibaki amelala anatazama juu.

"Ungeniambia lini?" akauliza.

"Nilitaka nipone kwanza, halafu nikuambie."

"Halafu mimi ningekuwa wapi?"

Akainuka, akajikung'uta majani, akanishika mkono ule ule wa kulia, na tukaenda hivyo mpaka ofisini kwa Mkubwa. Alisimama mlangoni nilipokuwa nikisema mimi. Mkubwa hakupiga kelele, na heri angepiga. Alitoa jina langu kwenye ubao wa gari na kulibandika kwenye ubao wa simu. Nimepewa na onyo la maandishi.

Pacha amepangiwa mtu aliyehamishwa kutoka kituo kingine. Mrefu, hacheki, tunamwita Mgeni. Jana nilimsikia Pacha akimwambia, "Pacha, nipe hilo koti." Neno hilo lilikuwa langu. Nilitoka nje nikajifanya natafuta mtandao wa simu.

Ananisalimia. Zaidi ya salamu, hakuna.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi, mpaka binti yangu ameniuliza kama kuna aliyefariki. Nikamwambia hapana, kinyume chake.

Yule mama daktari amekuandikia mazoezi, nimeyaweka humu. Ni machache na mazito na hayana raha, amesema nikuambie mapema. Nyanyua, pumzika vya kutosha, nyanyua tena. Uzito ukizoeleka, ongeza kidogo. Kula mayai. Lala. Kioo geuza kitazame ukuta.

Pacha muache. Mtu aliyeangushwa hahimizwi kusimama.

Dada yako

20 Agosti

Dada, shikamoo.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu mkono ulikuwa hauna habari ya kuandika. Nanyanyua, napumzika. Kocha amenuna, anasema nimegeuka mzee wa hospitali, na kweli sipangi mstari kwenye tepu yake tena. Mkono unaongezeka kwa mwendo wa kinyonga. Nadhani kwenye mnara ningefika nusu. Nusu haishushi mtu.

Leo nakuandikia jambo jingine.

Wiki iliyopita ghala la magodoro liliwaka moto. Mimi ndiye niliyepokea simu, mimi ndiye niliyewatuma. Walipoondoka nikabaki na redio. Chumba cha simu ni chembamba, kina dirisha moja linalotazama mahali gari linapoegeshwa, na gari likitoka unatazama sakafu tupu yenye madoa ya mafuta. Moshi wa magodoro ni mbaya. Niliwaambia kwenye redio wasikae ndani muda mrefu, Pacha akajibu, "Tumesikia, simu." Ndivyo anavyoniita kazini sasa.

Kisha akanyamaza.

Nikaita. Kimya. Nikaita tena. Ikaja sauti ya Mgeni, na yule mtu hana maneno mengi: "Mwenzangu kaanguka. Nimemshika. Namshusha."

Dada, kuna ngazi tatu ndefu za kushukia kwenye lile ghala. Nazijua, nimewahi kukagua pale. Mgeni aliacha redio wazi, nikawa nasikia pumzi yake na buti zake, na kitu kinachoburuzwa. Alikuwa ameshika kwa mikono miwili, maana hakugusa redio tena. Mimi niliinuka kwenye kiti, mkono wangu wa kulia umefumba, nashuka naye. Kwenye ngazi ya pili nilianza kuhesabu hatua zake, nikajua kwamba hapo ndipo vidole vyangu vingefunguka. Alikuwa na ngazi nzima bado mbele yake.

Akafika chini. Nikasikia wenzake wanapiga kelele za hewa, hewa.

Pacha amelazwa, mapafu yamechafuka, lakini anakula, na mkewe ameshaanza kumgombeza. Nilikwenda kumwona jana. Mgeni alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, na hakukuwa na kiti kingine, nikasimama. Watu kikosini wananipa pole, wanasema tunajua ungetaka kuwepo, ungetaka uwe wewe uliyemtoa. Naitikia tu.

Kwako sitaitikia tu. Nilikaa peke yangu kwenye chumba kile, redio ikiwa imeshazimwa, nikalia mpaka simu nyingine ikaita. Nilimshukuru Mungu kwamba mkono uliomshika Pacha haukuwa wangu.

Mdogo wako